Ukiuza Ua Huu

Siku ya tisa tangu mume wangu aape, alizeti za mstari mrefu zilichanua zote kwa pamoja, kama zilizopigiana simu.

Nilizikuta hivyo baada ya sala ya alfajiri, nimesimama uani na ndoo ya maji mkononi, kiuno kinauma, macho yana mchanga wa usingizi. Petali ndiyo kwanza zilikuwa zinanyanyuka, kama mtu anayeondoa viganja usoni baada ya dua. Hapo ndipo alizeti ya shada inapokatwa. Ukiwahi jana, shingo bado laini, ua linakuinamia kama mgonjwa. Ukichelewa kesho, nyuki wameshalikagua, na unga wake wa njano unamwagikia gauni la bibi harusi wa watu. Ua la kuuza lina asubuhi moja tu duniani. Ikipita hiyo, ni chakula cha shomoro.

Na mimi, asubuhi hiyo, sikuruhusiwa kuuza hata moja.

Ngoja nikae hapa kizingitini nikueleze, maana hata miguu yangu ilikuwa imechoka kunisikiliza.

Mume wangu anaitwa Hamud. Ana duka la mapazia Kariakoo, alilorithi kwa baba yake pamoja na kiburi. Mimi nina nyumba hii ya Magomeni, niliyorithi kwa bibi yangu pamoja na mdomo. Tumekaa humo miaka saba, kiburi na mdomo, na siku nyingi tulicheka. Uani, kati ya choo na ukuta wa jirani, ndipo ninapopanda alizeti zangu, nimezibana shibiri kwa shibiri ili vichwa visiwe vikubwa kama sinia. Konokono nawaokota kwa mkono. Miche naikinga kwa chupa za maji zilizokatwa. Wapitao wananiuliza nitakamua mafuta lini. Ukimwambia Mbongo kwamba alizeti ni ya kuweka mezani, anakutazama kama umemwambia ugali ni wa kunusa.

Siku tisa nyuma Hamud alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, jambo ambalo halifanyi. Alisimama mlango wa uani, jasho linamtoka, akanyoosha mkono kuelekea kila kilichokuwa mbele yake, maua, ndoo, kamba ya nguo na mimi, akasema:

"Wallahi, Shamsa! Ukiuza ua huu, talaka yako imepita!"

Mwanamke mwingine angelia. Mimi nilimwambia, "Chai inapoa." Ni kilema changu hicho. Akachukua kanzu mbili akaenda kwa mama yake, Bi Mauza, Kariakoo hukohuko ghorofani. Na chai ikapoa kweli.

Usione dogo. Nilishaachwa mara moja, mwaka wa nne wa ndoa, kwa ugomvi ambao leo hata sikumbuki ulianzaje. Nadhani ulianza na pazia. Akanirejea ndani ya eda, wazee wakala pilau, yakaisha. Lakini siku ile nilisema mbele ya wazee haohao, wali ungali mdomoni mwao: "Mara ya pili sirudi." Hamud ananijua. Utani wangu ni mwingi, ila lile halikuwa utani.

Basi sikuuza. Mstari uliotangulia ulichanua, ukazeeka, ukanyaukia palepale shinani, nami nikiutazama. Sasa huu mrefu.

Simu ikalia. Alikuwa Nice, Mchaga mwenye meza ya maua Msimbazi, anayenunua kila ninachokata. Alifundisha shule ya msingi miaka sita kabla ya kuacha chaki, na mpaka leo akikupigia simu unajisikia hujafanya kazi ya nyumbani.

"Shoga, maua yangu yako wapi? Mahafali saa nne pale Mnazi Mmoja, na wazazi wote wanataka alizeti. Sijui nani kawaroga."

"Siuzi, Nice. Nilikwambia."

"Ulisema wiki ile. Nikadhani hasira."

"Hasira ni za mwenye kuapa. Mimi nimechoka tu."

"Nipe bure, basi."

"Halafu mwisho wa mwezi uniletee zawadi kwenye bahasha? Mungu si mshamba, mwenzangu."

Nyuma yake nilisikia mikokoteni na wabeba mizigo wakipiga kelele za kuombana njia. Kariakoo huwa imeshaamka wakati sisi wengine bado tunatafuta kandambili ya pili.

"Hebu," akasema. "Alisemaje? Neno kwa neno."

"Alisema, 'Ukiuza ua huu, talaka yako imepita.'"

"Ua huu?"

"Ua huu."

"Ua *huu*, au ua *hili*?"

"Nice, mwanamume alikuwa anatoa talaka, hakuwa anatoa imla."

"Shamsa! Nisikilize wewe mwanamke! Ua la alizeti ni *hili*. Ua hili, maua haya. Ua *huu* ni uwanja wa nyumba! Ua huu, nyua hizi! Mume wako hakukukataza kuuza maua. Amekukataza kuuza kiwanja!"

Nikakaa chini, kwenye ndoo.

"Na si yule Praful mwenye stoo alikuwa anautaka huo uwanja wako?" akaendelea.

"Anautaka mpaka leo. Kila Ijumaa ananisalimia vizuri mno."

"Basi! Kesi imekwisha. Darasa la tano lingekushindia. Kata maua, ulete."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu uani mpaka kunguru wa jirani akahama ukuta. Siku tisa nimebeba jiwe kifuani, kumbe mume wangu amekosea ngeli! Maana ni kweli, Hamud akikasirika ngeli zinamkimbia. Siku ya talaka ya kwanza alisema "kiatu yangu".

Nikachukua kisu. Kukata si kuuza, nikajiambia, hata mufti hawezi kunikamata kwa kukata. Nilikata moja moja, kwa mshazari, nikipukuchua majani ya chini na kulitumbukiza kila shina kwenye ndoo mbili za maji kabla halijajua kwamba limekatwa. Nilikuwa nimefika karibu na mwisho wa mstari niliposikia mlango wa uani ukilia.

Sikugeuka. Mlango ule una milio miwili, wa wageni na wa Hamud.

"Asalaam aleikum," akasema.

"Waaleikum salaam. Umepungua."

"Hujanitazama."

"Nimesikia hatua. Zimepungua."

Nikageuka. Kweli alikuwa amepungua. Ndevu hazijachongwa, kanzu imepigwa pasi na mtu asiyempenda. Tukatazamana juu ya yale maua, na kwa muda mfupi nikasahau nilikuwa nimekasirika kwa nini. Hamud ana macho ya watu wanaoamka mapema kwa ajili ya wengine. Ndiyo yaliyoniponza mara ya kwanza, pale dukani kwake, nilipoingia kuuliza kitambaa cha shilingi chache nikatoka na mchumba.

Macho yale yakatua kwenye ndoo.

"Umekata," akasema taratibu.

"Nimekata."

"Nilijua zitachanua leo. Nimehesabu. Ulipanda siku ile ya mvua, bomba likapasuka pale barabarani. Siku hamsini na nane."

"Wewe mtu wa mapazia, siku za alizeti zinakuhusu nini?"

"Nalala kwa mama, Shamsa. Kitanda changu cha utoto, miguu inatoka nje. Nitafanya nini kama si kuhesabu?"

Nikataka kucheka, nikajizuia. Bado nilikuwa na karata yangu.

"Hamud, uliapa nini? Rudia."

"Tusirudie."

"Nitarudia mimi. Ulisema *ua huu*." Nikamwonyesha ukuta, choo, kamba ya nguo, mawingu. "Ua *huu* si ndio huu? Tuliposimama? Ua la alizeti ni *hili*. Nice amethibitisha, na Nice ni mwalimu. Kwa hiyo mimi nauza alizeti zangu, na Praful nitaendelea kumkatalia uwanja mpaka afe. Kiapo chako salama, ndoa yako salama, na mahafali ya watu salama."

Alinitazama. Pembe ya mdomo ikatetemeka, kisha akaangua kicheko kile cha zamani, cha kushika ukuta. Nami nikacheka. Tukacheka kama wajinga wawili, siku tisa za uchungu zikitutoka kwa mbavu.

Halafu yeye akaacha kabla yangu. Hapo moyo wangu ukaniambia, haya, tumekwisha.

"Nilikwenda kwa Maalim Uwesu," akasema, akijifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu. 'Ulikusudia nini?' Akasema wako wanaoona ni kiapo, kina kafara yake. Na wako wanaosema neno limeshatundikwa, siku sharti likitimia linaanguka. Akasema yeye angekuwa mimi, asingekaa chini yake akilitikisa."

"Na ulikusudia nini?"

"Unajua."

"Sema ulikusudia uwanja, Hamud. Neno moja tu. Nitaamini."

Nilisikia sauti yangu imekuwa ndogo. Sina mazoea na sauti ile. Sijui hata ilitokea wapi.

Akasogea karibu, akasimama upande wa pili wa ndoo. Maua yalikuwa katikati yetu kama watoto wanaosikiliza.

"Ningeweza kusema hivyo," akasema. "Tungelala humu ndani leo. Kesho nikikushika mkono najiuliza, huyu ni mke wangu, au ni mwanamke wa watu niliyemwacha kwa mdomo wangu nikajifichia kwenye sarufi? Nilikusudia maua, Shamsa. Maua haya. Tusimfanyie Mungu ngeli."

Ukitaka kumchukia mwanamume, usichague mkweli. Atakuchosha.

"Basi zing'oe," nikamwambia, nikamnyooshea kisu, mpini kwake. "Zilizobaki zote. Na miche ile. Zing'oe wewe, mimi mkono wangu hautaki."

"Shamsa..."

"Umekuja kufanya nini, kama si hilo? Kunichungulia kama nimeuza? Sijauza! Mstari mzima umeniozea hapo nikiutazama, kwa ajili ya ulimi wako!"

"Nilionyeshwa picha," akasema.

"Picha gani?"

"Kwenye arusi ya binti wa shangazi. Wamekaa wote, ukumbi mzima, simu inapita mkono kwa mkono. Wewe, umejitwisha ndoo ya maua unavuka Msimbazi kati ya mikokoteni. Mtu kaandika chini, 'Mke wa Hamud Mapazia, siku hizi machinga.' Mama aliinuka akaenda kunawa mikono, na alikuwa hajala. Dukani kwangu mchana hakuna anayeingia, Shamsa, watu wananunua mapazia kwenye simu. Nikaona mji mzima umejua kwamba siwezi kumtunza mke wangu."

"Ulikuwa uniulize kama nimechoka kubeba."

"Ulikuwa umechoka?"

"Nimechoka tangu nizaliwe! Lakini ile ndoo ndiyo kitu pekee nilichobeba nikakifikisha."

Sikukusudia kusema hivyo. Lilitoka tu, likakaa pale kati yetu, na wote wawili tulijua lina maana gani. Mara mbili nilibeba mimba katika nyumba hii, na mara mbili sikufika nazo. Hatulizungumzi. Bi Mauza analizungumza kwa niaba yetu.

Hamud aliinama akashika ua moja lililokuwa ukingoni.

"Unakumbuka hizi zilianzaje?" nikamuuliza.

Akalizungusha lile ua vidoleni.

"Nimelala ndani, mara ya pili ile. Sili, sisemi. Wewe ukaenda sokoni ukaniletea mbegu za alizeti kwenye karatasi, ati nitafune zinichangamshe. Nikatia moja mdomoni. Mbichi! Umeninunulia chakula cha kasuku, Hamud. Nikazitupa zote dirishani kwa hasira."

"Nilidhani zimekaangwa," akasema kwa sauti nzito.

"Hukuuliza. Hujawahi kuuliza. Wiki ya pili nikachungulia dirishani, zimeota. Ndiyo siku nilitoka kitandani." Nikafuta uso kwa kanga. "Watu wanasema alizeti hufuata jua siku zote. Si kweli. Likishakomaa linageukia mashariki, shingo inakauka, basi, limemaliza kuzunguka. Na mimi nimemaliza kuzunguka. Siwezi kuchagua kati yako na haya maua, maana haya maua ni wewe. Ni wewe siku uliyokosea vizuri."

Mtaani muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake.

Hamud alikuwa amekunja uso, anasogeza midomo kama mtu anayesoma barua ya herufi ndogo.

"Nilisema *ukiuza*," akasema.

"Hamud, tafadhali. Umesema mwenyewe tusimfanyie Mungu ngeli."

"Hii si ngeli. Hii ni nafsi. Ngeli niliikosea, nafsi nilimaanisha. *Uki*uza. Wewe. Nilikusudia wewe usionekane tena Msimbazi na ndoo kichwani. Hilo ndilo lililokuwa moyoni, Mungu shahidi. Sikusema maua yasiuzwe. Sikusema *niki*uza."

Ilinichukua muda. Ndoo mbili zilijaa pale, mashina yananyonya maji kimyakimya.

"Wewe?" nikasema. "Hamud Mapazia?"

"Ndoo zenyewe ni hizi?"

"Nzito hizo."

"Nimeona."

"Kuna mtu atapiga picha."

"Atapiga." Akakunja mikono ya kanzu. "Mahafali saa ngapi?"

Akaziinua, moja kila mkono, akapiga hatua tatu, maji yakamwagikia viatu. Akajaribu moja begani, ikampiga sikio. Nilimwacha ahangaike kidogo, nakiri, siku tisa si mchezo. Halafu nikaingia ndani nikachukua kanga, nikaizungusha mkononi kutengeneza ngata.

"Inama."

"Kichwani?"

"Ulidhani sisi tunabeba kichwani kwa maringo? Inama, baba."

Akainama. Nikamwondoa kofia yake, nikaitia mfukoni mwake, nikaiweka ngata juu ya nywele zake ambazo sikuwa nimezigusa kwa siku tisa. Mikono yangu ilichelewa pale kuliko kazi ilivyohitaji. Alifumba macho. Alikuwa na harufu ya udi wa mama yake, na chini yake, mbali, ile harufu yake mwenyewe ya vitambaa vipya.

"Kanga hii imeandikwaje?" akauliza, macho bado kafumba.

Nikaangalia pindo lililojitokeza pale kwenye paji lake. Wallahi sikuichagua. Ndiyo iliyokuwa juu.

"*Mdomo uliponza kichwa*," nikamsomea.

"Ni haki," akasema, akainuka na ndoo.

Bajaji ilitushusha kabla ya Msimbazi, maana kuanzia pale hata panya anaomba njia. Ndoo ya pili niliibeba mimi mpaka kwenye kona ya kwanza, halafu nikakumbuka picha, nikaitua. Akaichukua kwa mkono wa kushoto. Nikawa natembea nyuma yake mikono mitupu, na niamini, hakuna mzigo unaochosha kama mikono mitupu nyuma ya mtu anayelemewa.

"Sheikh! Maua hayo ya maulidi au ya mchumba?" mmoja wa wabeba mizigo akapaza sauti.

"Ya kuuza," Hamud akajibu. Sauti ilimkwama njiani, akairudia. "Ya kuuza!"

"Oya, Mapazia kageuka bustani!"

Simu zikanyanyuliwa, nikaziona. Shingo ya Hamud ilikuwa nyekundu, mishipa imesimama, lakini hakushusha uso. Asingeweza hata angetaka. Ndoo ikiwa kichwani, mtu hutembea kama mfalme, hata kama moyoni anatambaa.

Mama mmoja mwenye mtoto aliyevaa joho la mahafali akanishika mkono. "Dada, yale maua bei gani?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikaubana kwa vidole viwili.

"Mmh?" akasema yule mama.

"Muulize mwenye mali, mama," nikasema kupitia vidole. "Yule pale. Mimi napita tu."

Hamud akageuka na ndoo yake yote, taratibu kama lori la bandarini linalotafuta pa kugeuzia, akamtajia bei ambayo ni nusu ya bei. Nilikaribia kufa. Miaka saba nimeolewa na mfanyabiashara, na nilikuwa nikimtazama akiniuzia jasho langu kwa bei ya mchicha, nami siwezi hata kukohoa. Yule mama akachukua matatu, akaondoka mbio kabla mwenye mali hajapata akili.

"Imekwenda vizuri?" akaniuliza, anang'aa.

"Tembea, Hamud," nikasema. "Tembea kwa Nice."

Kwenda kwa Nice lazima upite chini ya ghorofa la Bi Mauza. Nilijua, naye alijua, na wote tulijifanya hatujui mpaka tulipofika. Mama mkwe wangu ana magoti mabovu, hashuki ila kwa arusi au msiba. Hununua mkate, samaki na umbea kwa kikapu cha kamba anachokishusha kutoka barazani kwake ghorofa ya pili. Na saa hiyo alikuwa amesimama palepale, mtandio mweusi, mikono juu ya ukingo wa chuma.

"Hamud."

Hakupiga kelele. Bi Mauza hajawahi kuhitaji.

Hamud akasimama. "Shikamoo, mama."

"Umebeba nini kichwani?"

"Maua."

"Ya nani?"

"Ya Shamsa."

"Unayapeleka wapi?"

"Kuuza, mama."

Nikatazama chini. Vidole vya miguu yangu vilikuwa na matope ya Magomeni. Nilisema moyoni, sasa atasema lile neno lake la siku zote, la mti usiozaa, na Hamud atatua ndoo hapa, na mimi nitarudi kwa miguu.

"Aliyekwambia ufanye hivyo ni yeye?" Bi Mauza akauliza.

"Hapana. Yeye alisema niyang'oe."

Bi Mauza akaniangalia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku nyingi kuniangalia usoni, wala si tumboni. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaingia ndani. Tukabaki pale kama wanafunzi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mbeba mizigo akatupigia mluzi tumpishe.

Akarudi. Kikapu kikaanza kushuka, kamba ikilia kwenye chuma, kinazunguka taratibu hewani. Kilipofika usawa wa kifua cha Hamud nikaona kilichomo: kanzu yake ya pili, imekunjwa, mswaki, na wembe.

"Chukua vitu vyako," Bi Mauza akasema kutoka juu. "Muuza maua hana kitanda kwangu. Ana kwake."

Hata leo nikilikumbuka neno lile silijui vizuri. Lilikuwa kufukuzwa, au lilikuwa kufunguliwa? Labda mama wa watu alikuwa amechoka tu, kama mimi. Labda na yeye ana siku tisa anasikiliza miguu ikigonga kwenye mbao za kitanda.

Hamud alitua ndoo ya kichwani. Akachukua kanzu, akanipa niishike, na mswaki, na wembe. Kisha akainama juu ya maua, akatafuta, akachagua lile ambalo petali zake ndiyo kwanza zinaachia uso. Akalilaza kikapuni.

Kikapu kikaning'inia palepale. Hakikupanda, hakikushuka. Bi Mauza aliangalia kilichomo, sisi tukimwangalia yeye, na Msimbazi nzima, naapa, ikapunguza kelele.

Halafu kamba ikalia. Kikapu kikaanza kupanda, pole pole, kwa mikono ya mtu mwenye maumivu ya viungo, ghorofa ya kwanza, ghorofa ya pili, na ua likaingia barazani na mtandio mweusi ukaingia nyuma yake.

"Amelichukua," Hamud akanong'ona.

Nilitaka kumuuliza, mwenzangu, hilo umempa au umemuuzia? Maana tulishatoka mbali na herufi zetu, nisije nikaachika kwa ua la mwisho. Lakini niliangalia paji la uso wake, pale ngata ilipoacha alama na maji ya maua yametiririka mpaka kwenye nyusi, nikanyamaza. Siku hiyo mdomo wangu ulikuwa umefunga biashara.

Nikaikunja ngata upya, nikasema tu:

"Inama."